Matundu Manane ya Haroub

Haroub amezikwa mwezi uliopita, na tangu siku hiyo sikutani na mtu ila ananipa pole, kana kwamba mfiwa ni mimi. Hitima yake nilikwenda, kwa sababu kutokwenda kungezungumzwa zaidi kuliko kwenda. Nilikaa ghorofa ya kati ya nyumba yao pamoja na wanawake, nikala pilau iliyozidi bizari, nikasikiliza. Mwanamke mmoja aliyekaa karibu na dirisha alisema kwamba Haroub ndiye aliyeuokoa muziki wa kisiwa hiki usipotee. Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Mwengine akaongeza kuwa lau si yeye, watoto wetu wasingejua taarabu ya wazee ilikuwaje. Nikaomba achari, maana nilihitaji kitu cha kutia mdomoni. Kisha shangazi wa marehemu akanigeukia akasema, wewe Zamzam ulifanya naye kazi, hebu tuhadithie. Nikamjibu kuwa nilifanya naye kazi mwaka mmoja tu, na mwaka wenyewe ulikuwa mrefu. Wakacheka kwa upole, wakidhani ni masihara ya mtu mwenye majonzi. Sikuwa na majonzi. Nimemuombea dua kama ninavyomuombea maiti yeyote, na hapo tumemalizana mimi na yeye. Lakini hilo la kuokoa muziki sikubali litembee mjini bila ya mtu kulisimamisha.

Mwaka huo nilikuwa sijafika thelathini. Nilikuwa napiga kanuni, chombo kile cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani, katika kikundi chetu kidogo ambacho hakikuwa hata na jina. Tulikuwa wanne. Juma alikuwa fundi cherehani, akipiga udi. Idi alipiga dumbak, ngoma ndogo ya mkono, na alikuwa mtu wa kukubaliana na yeyote aliyesema mwisho. Aliyetukusanya sote ni Bi Riziki, mwimbaji wetu, mtu wa Tumbatu, kisiwa cha wavuvi, aliyeletwa mjini na ndoa, akaachwa na ndoa hiyo hiyo akiwa bado kijana, akabaki mtaa wa Ng'ambo na sauti yake. Alikuwa keshapita miaka sitini. Sauti yake haikuwa laini. Ilikuwa na mkwaruzo kidogo chini, na juu ilikuwa kavu na safi, na alikuwa na namna ya kulichelewesha neno la mwisho wa ubeti mpaka msikilizaji aanze kuwa na wasiwasi. Tulipiga katika harusi, katika nyumba za watu, siku za sikukuu. Hakuna aliyewahi kuturekodi zaidi ya watu waliotushikia simu usoni.

Ndipo akaja Haroub. Alikuwa ametoka Dubai, ana manukato mazito na funguo nyingi ambazo sikuwahi kujua zinafungua nini, na kila jambo alilinganisha na kule. Kule hawakai hivi. Kule hawatundiki maiki hivi. Kule mwimbaji anafika kabla ya saa yake. Tulimheshimu sana kwa sababu ya kule, mpaka siku moja Juma akapata habari kwamba kule Haroub alikuwa akiuza simu dukani. Kuuza simu ni kazi nzuri, na angalitueleza hivyo tungalimheshimu vilevile. Yeye alituacha tuamini kwamba alikuwa akikaa studio na mabingwa. Alichokuwa nacho kweli ni kisanduku. Kilikuwa cheusi, cha bati, alikileta kwenye mkoba wake wa mkononi kimezongwa taulo, na alipokifungua mara ya kwanza mbele yetu alitutaka tunawe mikono, ingawa hakutupa ruhusa ya kukigusa. Mbele kilikuwa na matundu manane yaliyopangwa safu, na juu ya kila tundu kitufe cha kuzungusha na taa ndogo inayowaka kijani sauti ikiwa ya kiasi na nyekundu ikizidi. Nyuma ulitoka waya mmoja uliokwenda kwenye kompyuta. Akatueleza polepole, kama mtu anayewasemesha watoto wa chuo cha Kurani, kwamba kila maiki itakuwa na tundu lake, na kila tundu litakuwa na mstari wake kwenye skrini. Akitaka kumpandisha Juma atampandisha, akitaka kumteremsha Idi atamteremsha, na asiyemtaka atamzima. Sote tukacheka. Idi alicheka kuliko sote.

Siku hizi mimi mwenyewe ninacho kisanduku kama kile, cha matundu mawili, nacho kinanitosha. Nawafundisha wasichana kanuni katika chumba changu cha mbele, na wakipiga vizuri nawarekodi. Kwa hiyo siwezi kusema nilikidharau chombo. Chombo kilikuwa kizuri na hakikuwa na kosa. Ninachokidharau mpaka leo ni ule uso aliokuwa nao mwenye kukimiliki, uso wa mtu anayeamini kwamba akishanunua matundu manane basi ameshanunua na masikio.

Tulirekodi nyumbani kwao Kiponda, katika ukumbi wa juu kabisa, wenye mihimili ya miti iliyopakwa chokaa na madirisha marefu manne. Haroub aliyaziba madirisha yote kwa magodoro ili kelele za mtaani zisiingie. Akazima na mapanga ya feni, kwa kuwa yalikuwa yakisikika. Tukawa tunapiga muziki ndani ya tanuri. Jasho lilinidondokea kwenye nyuzi, na kila nilipopangusa, nyuzi zilishuka na ilinibidi nizikaze upya. Mama yake alituletea chai ya maziwa na mikate ya ufuta, na badia za kunde zilizokuwa bado moto, na nasema kwa haki kabisa kwamba chakula cha nyumba ile kilikuwa bora kuliko kitu chochote kilichorekodiwa humo. Wiki nzima ya kwanza maiki ya udi haikutoa sauti hata kidogo. Haroub alimwambia Juma udi wake umekufa. Akamwambia ausogeze, aupige kwa nguvu, abadilishe nyuzi. Juma akabadilisha nyuzi. Kumbe kulikuwa na kitufe kidogo kwenye kisanduku kinachopeleka umeme kwenye maiki za namna ile, na Haroub hakuwa amekibonyeza. Alipokigundua alikibonyeza bila kusema neno, kisha akamwambia Juma kwamba nyuzi mpya zimesaidia sana.

Adhana nayo ilimtesa. Tulikuwa tukianza baada ya alasiri na mara nyingi magharibi ilitukuta katikati ya wimbo, na sauti ya muadhini ilipenya magodoro ikaingia katika matundu yote manane, ikawasha taa zote. Sisi tulinyamaza, tukaitikia adhana kimoyomoyo, tukapumzika. Haroub alikuwa akitembea huku na huku akiangalia skrini. Juma alinihadithia kuwa siku moja alikwenda msikitini kuuliza kama spika ya upande wa nyumba yao inaweza kugeuzwa kidogo. Sijui alijibiwa nini, lakini kwa muda alikuwa akisali msikiti mwengine.

Shida kubwa iliyomtoa usingizini ilikuwa nyengine. Alipokaa kusikiliza mstari wa kanuni peke yake, alisikia kanuni, na nyuma yake akamsikia Bi Riziki. Akafungua mstari wa udi, akamsikia Bi Riziki. Kwenye dumbak alikuwamo pia. Alishangaa kama mtu aliyekuta wageni chumbani kwake. Mtoto yeyote angalimueleza kwamba watu wakikaa chumba kimoja wanasikiana, na maiki nayo inasikia. Yeye alilichukulia kuwa kosa letu. Siku ya pili tukakuta ametutenganisha. Juma aliwekwa kwenye ngazi, Idi chooni, mimi nikabaki ukumbini, na Bi Riziki akatiwa katika stoo ya mchele, amesimamishiwa godoro mbele na godoro nyuma, amevishwa hedfoni kubwa juu ya mtandio wake. Tulitakiwa tusikilizane kwa hedfoni. Nilipiga utangulizi, nikangoja aingie. Hakuingia. Nikarudia, nikangoja. Mwisho mlango wa stoo ukafunguliwa, akatoka na hedfoni mkononi, akamkabidhi Haroub kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

"Mwanangu, mimi huwaimbia watu," alisema. "Godoro silijui jina."

Akakaa mahala pake pa siku zote, kwenye busati karibu na goti langu, akatungoja tukusanyike. Tukakusanyika. Tangu siku hiyo tulirekodi katika chumba kimoja, na Haroub akawa ananung'unika kila jioni kuhusu sauti zinazovuja. Miezi ikapita hivyo. Tulirekodi nyimbo zote tulizokuwa tukizijua, na nyengine tulizirudia mpaka zikapoteza utamu, kwa sababu taa nyekundu iliwaka mahala ambapo Haroub hakutaka iwake. Bi Riziki hakuwahi kupunguza sauti kwa ajili ya taa.

Siku moja nilichelewa. Nilikuwa napanda ngazi za nyumba ile, na ngazi za Kiponda zinampa mtu nafasi ya kusikia mengi kabla hajafika. Haroub alikuwa akizungumza na mama yake katika chumba cha kulia. Alikuwa akimueleza kwamba amepata mtu wa hoteli huko Kendwa anayetaka santuri ya taarabu kwa ajili ya wageni wake, ipigwe ukumbini na iuzwe dukani kwao, lakini anataka sauti changa, yenye Kiswahili cha mjini. Mama akamuuliza, kwani Bi Riziki ana nini.

"Sauti anayo," Haroub alisema. "Lakini inanuka samaki."

"Na wewe samaki huli?" mama yake akamuuliza.

Nilisimama kwenye kidato mpaka nikasikia vyombo vinakusanywa, ndipo nikapanda. Nikamuamkia mama yake, nikaenda kukaa mahala pangu. Bi Riziki alikuwa keshafika, anajipepea kwa kawa, ananichekea. Tukapiga, na alasiri hiyo aliimba vizuri kuliko siku zote za mwaka ule.

Baada ya hapo Haroub alisema kazi imekwisha, sasa ni zamu yake na kompyuta. Tukangoja. Kisha akaniita mimi peke yangu, akasema kuna sehemu ndogo ya kanuni anataka irudiwe. Nilipofika, alinivisha hedfoni akanipigia wimbo wetu. Ukaanza utangulizi wangu mwenyewe, halafu akaingia mwanamke mwengine. Alikuwa na sauti nzuri, sipingi, sauti ya msichana aliyelelewa vizuri, na kila neno alilitamka kama anasoma taarifa ya habari. Lakini kabla ya kila neno lake nilikuwa nikimsikia Bi Riziki. Alikuwa mbali, kama yuko chumba cha pili, na alikuwa akitangulia, na yule msichana akimfuata. Nikavua hedfoni nikamtazama Haroub. Hakuona haya. Alinionesha skrini, akanionesha mstari wa Bi Riziki ulivyo mtupu, ameshaufuta wote, na sauti ya msichana, ambaye jina lake lilikuwa Nadya, imewekwa mahala pake. Kilichobaki, akasema, ni huu uchafu uliovuja kwenye mistari yetu. Kwa hiyo mimi nitarudia kanuni peke yangu, bila ya mtu kuimba chumbani, Juma atarudia udi, Idi tayari ameshairudia dumbak yake, na bibi atakuwa ametoka moja kwa moja. Neno hilo, uchafu, alilisema huku akizungusha kitufe, bila hata ya kuniangalia.

Watu wamewahi kuniuliza kwa nini sikufanya vurugu. Sikuona mtu wa kufanyiwa vurugu. Nilimuona mwanamume aliyekaa mwaka mzima na sauti ile masikioni mwake na asiisikie. Nikamwambia sitarudia. Akaniuliza sababu, nikamwambia nimepiga vizuri, hakuna haja. Akanieleza tena kuhusu kuvuja, safari hii polepole zaidi, kwa sababu aliamini sijafahamu. Nikamwambia nimefahamu. Akasema basi atatafuta mpiga kanuni mwengine. Nikamwambia atafute. Wapiga kanuni wa mji huu wakati huo ungeweza kuwakalisha juu ya baraza moja na nafasi ikabaki, nao wote walikuwa wamewahi kula kwa Bi Riziki. Nilikichukua chombo changu nikateremka. Sikukataa kwa ushujaa, nisisingiziwe. Nilikataa kwa dharau, na mpaka leo naona dharau ile ilinisaidia kuliko fadhila zangu nyingi.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Juma. Nilimkuta kwenye cherehani yake, ana pini mdomoni. Nikamueleza yote. Alizitoa pini moja moja, akazichoma kwenye kitambaa, akasema kwamba yeye alibadilisha nyuzi mara moja kwa ajili ya mtu yule na hatabadilisha tena. Kuhusu Idi hatukusema kitu. Idi alikuja mwenyewe baadaye kutueleza kuwa hakujua, na huenda hakujua kweli. Kuna watu hawajui maisha yao yote na wanalala usingizi mzuri.

Kisha nikaenda Ng'ambo. Bi Riziki alikuwa uani, anamenya muhogo. Nikamuamkia, akaniitikia marahaba mwanangu, akanisogezea kibao cha mbuzi ya nazi nikikalie. Nilikuwa nimepanga maneno ya kupunguza makali, lakini alinitazama, nikayasahau, nikamwambia kama yalivyokuwa. Nikamwambia kafutwa. Nikamwambia lile la samaki pia, kwa sababu aliniuliza Haroub kasema nini hasa. Hakuacha kumenya. Alimaliza muhogo alioushika, akautia kwenye maji, akachukua mwengine.

"Na huyo mtoto, anajua kuimba?" aliuliza.

Nikamwambia anajua kiasi.

"Anapumua wapi?"

Nikamwambia sikuangalia. Hapo ndipo alipokasirika, na alinikasirikia mimi. Akasema nimekwenda mpaka huko, nimevaa hedfoni, nimesikia, na nimerudi bila ya habari ya maana. Kisha akasema atakwenda kumsikia mwenyewe.

Santuri ilitoka. Haroub hakupata mpiga kanuni wala mpiga udi, na bila ya kanuni na udi hakuna taarabu, kwa hiyo alitumia mistari yetu kama ilivyo, akaipunguza alipoweza, akaipaka mwangwi juu yake kuficha. Hoteli ya Kendwa ikaandaa alasiri ya kuizindua. Sisi hatukualikwa. Juma aliazima gari ya mjomba wake, tukaenda watatu, Bi Riziki amekaa mbele, amevaa buibui jipya na kujitia udi wa kufukiza mpaka gari nzima ikanukia kama chumba cha bibi harusi. Mlangoni walinzi walitutazama kidogo kisha wakatuacha tupite, kwa sababu Bi Riziki alipita kama mtu anayeingia kwake. Ukumbi ulikuwa wa makuti, sakafu yake mchanga, wageni wamekaa na glasi za maji ya embe. Haroub alikuwa mbele, amevaa joho, naam, joho la bwana harusi, katika joto lile. Pembeni yake alikuwa amesimama msichana mwembamba, mikono ameificha ndani ya mtandio. Alipomuona Bi Riziki alijua ni nani. Alikuja mbio, akamwambia shikamoo, akaubusu mkono wake. Bi Riziki akaitikia, akamshika kidevu, akamtazama koo lake kama mtu anayekagua chombo.

Haroub alitutazama kutoka mbele, akatabasamu kwa ajili ya wageni, akauanzisha wimbo. Kanuni yangu ikaanza. Kisha ikaja sauti ile ya mbali, kama mtu yuko nyuma ya pazia, na baada yake, hatua moja nyuma, sauti ya Nadya. Katika spika kubwa za hoteli ilisikika wazi kuliko nilivyoisikia Kiponda. Ubeti wa kwanza ulipokwisha, meneja wa hoteli, mtu mzima mwenye adabu, alimuuliza Haroub ile sauti ya nyuma inayopendeza ni kitu gani. Haroub akasema ni mwangwi, ameuweka makusudi, kule ndivyo wanavyofanya.

"Haroub," akaita Bi Riziki, wala hakupandisha sauti.

"Naam, bibi."

"Mwangwi gani huo unaotangulia?"

Watu waliofahamu Kiswahili waliacha kunywa. Meneja alimtazama Bi Riziki, akageuka akazitazama spika, kisha akamtazama tena Bi Riziki, na niliona kwamba ameelewa. Wimbo ulikuwa bado unaendelea, ubeti wa pili, na mle ndani Bi Riziki alikuwa akilichelewesha lile neno la mwisho kama kawaida yake, na msichana wa watu nyuma yake hakujua angoje mpaka lini. Haroub aliinama kwenye meza, akazungusha kitufe kuteremsha sauti. Zikateremka zote mbili. Akapandisha, zikapanda zote mbili. Alirudia tena, jasho linamtoka ndani ya joho lake, kisha akakiachia kitufe akasimama wima, na wimbo ukajimaliza wenyewe.

Bi Riziki hakungoja wa pili. Alitoka nje, tukamfuata. Tulikuwa tushafika kwenye gari niliposikia viatu vinakimbia juu ya kokoto, na Nadya akatufikia, anahema. Nilidhani anataka kuomba radhi, na nilikuwa nimejitayarisha kumdharau kwa hilo pia. Hakuomba. Alisimama mbele ya Bi Riziki, akasema kwamba pale mwisho wa ubeti alikuwa akimsikiliza yeye kwenye hedfoni, akimfuata, mara nyingi sana, na mpaka leo hajui anapumua wapi.

Bi Riziki alimpa Juma mkoba wake amshikie. Akauchukua mkono wa msichana, akauweka juu ya mbavu zake mwenyewe, juu ya lile buibui jipya, akaimba ubeti ule polepole palepale kwenye kokoto, baina ya magari ya wageni. Alipofika kwenye neno la mwisho akamtazama, na Nadya akavuta pumzi pamoja naye, wakaliingia neno pamoja. Huko ndani meneja alikuwa akitoa shukurani, na watu wakampigia Haroub makofi. Nilimfungulia Bi Riziki mlango wa mbele. Akaniambia nisubiri, mtoto bado hajapata.